Mita ya Mjomba Urbano

Kintinku,
9 Februari 2024

Mpendwa Mjomba Urbano,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Bibi naye mzima pamoja na magoti yake. Sisi huku tunaendelea. Mvua imenyesha vizuri, majaruba yamejaa, mpunga umesimama. Mjukuu wako Winfrida ametimiza miaka mitatu mwezi uliopita. Anaongea Kigogo kunizidi mimi, na nikikosea ananicheka. Mama mkwe anawasalimu. Mume wangu Edward yuko kwenye minada ya ng'ombe, anarudi na kuondoka kama kawaida yake.

Utashangaa kupata barua siku hizi. Simu yangu imeharibika, kwa hiyo usinipigie. Barua nimempa mwalimu Rukaiya wa shule ya msingi hapa, ambaye mara kwa mara anakwenda kwao Singida mjini. Ukijibu, peleka dukani kwa kaka yake, anwani iko nyuma ya bahasha. Juu usiandike jina langu. Andika la mwalimu.

Sasa neno lenyewe. Mwalimu ana sabufa iliyokata sauti ikitoa harufu ya kuungua. Nimeifungua na kukuta fyuzi imekuwa nyeusi. Sitaki kuweka mpya kabla sijajua kilichoiua ya kwanza, ndivyo ulivyonifundisha. Mita ya mshale uliyonipa siku ya kuagwa kwangu nilipoolewa ninayo bado, naitunza ndani ya vitenge. Lakini nikigusanisha nyaya zake mbili mshale haufiki sifuri, hata nikizungusha kitufe mpaka mwisho. Na transista zote zinanionyesha kinyume na nilivyotegemea. Nifundishe tena, mjomba. Nipe vipimo ninavyoweza kufanya bila kuwasha umeme.

Ni mimi mpwa wako,
Theodora


Nduguti,
27 Februari 2024

Theodora mpwa wangu,

Marahaba. Barua nimeipata. Bibi yako hajambo, amenituma nikuulize kama mtoto anakula uwele au mnamlisha wali tu hadi alainike. Hapa Nduguti ofisi za serikali zinaongezeka, wafanyakazi wageni wanahamia na sabufa zao, kwa hiyo meza yangu haikosi kazi. Alizeti ni nzuri mwaka huu.

Mita yako haina ugonjwa. Betri ya ndani imechoka. Badilisha, kisha gusanisha nyaya na uzungushe kitufe mpaka mshale ulale kwenye sifuri. Fanya hivyo kila ukibadilisha kipimo cha ukinzani, usiwe mvivu.

Kuhusu transista, umesahau. Mita ya mshale ikiwa kwenye ukinzani, waya mweusi ndio unaotoa chanya ya betri, na mwekundu ni hasi. Vijana wa mita za namba hawajui hili, wanatupa transista nzima. Geuza nyaya. Ukiona mshale unakimbilia sifuri hata ukigeuza, hiyo ndiyo imekufa, na ndiyo iliyoua fyuzi.

Kapasita kubwa zimalize umeme kwanza, hata kama sabufa ilizimwa jana. Kisha gusa: mshale uruke, halafu urudi polepole. Ukiruka usirudi, inavuja. Usiporuka kabisa, ni maiti. Spika nayo iguse kwenye kipimo kidogo, utaona karatasi yake inatikisika. Na usisome ukiwa umeinamia upande. Kile kioo chini ya mshale kiliwekwa kwa sababu: kaa mpaka mshale ufunike kivuli chake, hapo jicho lako liko sawa.

Mimi mita za namba nimeziweka kando kabisa. Namba zinarukaruka. Mshale unauona unavyopanda na kushuka, kama mtu anayepumua. Siku hizi natengeneza kila kitu kwa mshale.

Hukusema simu yako imeharibika nini. Kioo? Sehemu ya chaji? Wewe ni fundi. Na mimi usinipigie, mtandao wa huku umekuwa mbaya.

Mjomba wako,
Urbano Msengi


Kintinku,
30 Machi 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Mwambie Bibi mtoto anakula vyote, hata udongo. Tumeanza kuwinga ndege kwenye mpunga. Naimba siku nzima na kurusha mawe, jioni sauti imekauka.

Sabufa imepona. Transista moja ilikuwa imekufa pande zote kama ulivyosema. Mwalimu alininunulia nyingine Singida, nikaibadilisha, akaibeba sabufa kwenda nayo kwake ndani ya kikapu chini ya mchicha. Alipoiwasha aliniletea habari: inalia vizuri kuliko ilipokuwa mpya. Mimi sikuisikia. Nilifurahi kwa kuambiwa.

Mjomba, niruhusu niseme kitu. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Zamani redio ikiletwa ulikuwa unafumba macho na kusema, hii inakoroma, hii ina mafua, hii spika imepasuka upande wa chini. Nilikuwa nakucheka. Sasa umeniandikia ukurasa mzima na hakuna sauti hata moja ndani yake, mshale tu. Tena mwaka jana, kabla simu yangu haijaharibika, nilikuuliza hali ya Bibi ukanijibu kwamba mvua bado. Nilikuuliza tena, ukasema, "Ndiyo, ndiyo, nasikia." Na mtandao wa Nduguti unawezaje kuwa mbaya, wakati mnara uko nyuma ya nyumba yako?

Mimi niko salama. Mama mkwe amegundua kwamba natengeneza vitu chumbani. Kesho yake aliniletea redio yake ya zamani akaiweka juu ya kitanda, akatoka, akakaa mlangoni kuchambua mboga mpaka nilipomaliza kuifungua.

Wako,
Theodora


Nduguti,
22 Aprili 2024

Theodora,

Marahaba. Bibi yako alikuwa na homa, sasa imeshuka, anakula. Habari nyingine za huku baadaye.

Umeuliza. Barua yako niliikunja nikaiweka, nikaifungua, nikaikunja tena. Nilikusudia kukujibu kuhusu redio ya mkwe wako na kuliruka hilo lingine. Lakini wiki iliyopita limetokea jambo, na sasa Nduguti nzima inajua, kwa hiyo huna sababu ya kuwa wa mwisho.

Mimi sisikii, mwanangu. Ni mwaka wa pili. Lilianza sikio la kulia, likafuata la kushoto. Daktari aliangalia, akaniandikia kwenye karatasi kwamba si uchafu, ni mishipa. Mtu akisimama karibu nasikia kama anaongea ndani ya pipa. Redio siisikii kabisa. Nilijua nikisema, kazi imekwisha. Nani atampelekea kiziwi redio yake? Nikaweka mita kwenye kipimo cha umeme wa mawimbi, nyaya zake juu ya waya za spika, nikawa natazama. Wimbo ukiingia mshale unacheza, ukikata unalala. Niliishi hivyo, na wateja hawakujua. Nilikuwa natikisa kichwa kana kwamba nafurahia muziki.

Mzee Damiani, mwalimu mkuu mstaafu, alifariki. Kanisa likaniletea amplifaya niiangalie kwa ajili ya mazishi. Niliifanyia kazi siku mbili. Asubuhi ya mazishi mchungaji akajaribu kipaza sauti, mshale ukacheza, nikainua dole gumba. Kisha mjane akaanza kusoma historia ya marehemu. Mimi nimesimama kando ya amplifaya, natazama mshale, unapanda na kushuka vizuri kabisa, na mimi natabasamu. Nikaona watoto wanaziba midomo. Nikaona watu wazima wanaangalia chini, mabega yanatikisika. Mjane akajifunika uso kwa kanga. Nikadhani ni kilio. Nikaendelea kutabasamu, Theodora. Mpaka Obadia jirani yangu akaja akachomoa waya ukutani.

Baadaye aliniandikia: sauti ilikuwa inatoka kama ya chura ndani ya debe. Mshale unapima nguvu ya sauti. Uzuri wake haupimi. Hilo nililijua miaka arobaini, nikajifanya silijui.

Nimefunga meza. Siku hizi nakaa ndani na Bibi yako. Ananisemesha, namjibu nisiyoyajua.

Nimesema langu. Sasa sema lako. Vipimo vyote unavyoniomba ni vya kitu kilichozimwa. Sabufa inatoka nyumbani kwako chini ya mchicha. Mkwe wako anakulindia mlango. Fundi hawezi kukaa miezi yote hii na simu mbovu. Nani amekufungia, mwanangu?

Urbano


Kintinku,
2 Juni 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mpunga tumevuna. Nimelia kwa ajili yako, nikamshukuru Mungu kwamba umesema.

Simu haikuharibika. Edward aliichukua Novemba. Mteja wa Chikuyu alipiga kuuliza kama redio yake iko tayari, Edward akapokea yeye. Hakupiga kelele, yeye hapigi kelele. Aliniambia kwa upole, "Mke wangu hapigiwi na wanaume." Akaitia mfukoni. Kisha akasema si vizuri niende senta. Kisha si vizuri niende kisimani bila mama mkwe. Kisha kanisani niende akiwepo. Kila moja ilikuwa ndogo, mjomba, na kila moja aliieleza vizuri mpaka nikaona aibu kubisha. Siku nilipokaa na kuzijumlisha, nilikuta ninachobaki nacho ni chumba, uwanja, na shamba wakati wa ndege. Hajanipiga hata siku moja. Nikimwambia mtu, nitasema amenifanya nini?

Redio ya mama mkwe niliiponya. Alikuwa hajasikia matangazo ya vifo tangu mume wake afariki, na alisema hilo ndilo linamuumiza, kutojua nani wa rika lake amekwenda. Tukawa tunaifungua Edward akiwa safari. Tarehe 17 Mei alirudi mapema, akaikuta inalia uani. Akauliza nani ameitengeneza. Mama mkwe akasema, "Fundi alipita." "Fundi wa wapi?" Kabla hajajibiwa, Winfrida akasema kwa furaha, "Ni mama!" Akamshika baba yake mkono, akampeleka chumbani, akamwonyesha vitenge.

Mita imekwenda chooni, mjomba. Niliisikia ikianguka. Akarudi ananawa mikono, akaniuliza kama chakula kiko tayari.

Usinitumie nyingine. Na tusiandikiane kwa muda. Mwalimu naye ameanza kuogopa, Edward amemuuliza mambo. Nisalimie Bibi sana.

Theodora


Nduguti,
21 Juni 2024

Theodora,

Ungeniomba mita nyingine, ningekutumia. Umesema usitumiwe, kwa hiyo nakuja.

Nimemwandikia Mzee Gasto, baba mkubwa wa mume wako, kwamba nataka kikao. Nitafika Jumamosi tarehe 6 Julai. Usimjibu mtu neno lolote mpaka nifike.

Mjomba wako


Nduguti,
20 Julai 2024

Theodora,

Nimefika salama. Bibi yako alitazama nyuma yangu akiwatafuta, nikamwonyesha mikono mitupu.

Nataka unieleze. Nilisafiri siku mbili na masikio haya. Singida nilishushwa pasipo pangu kwa sababu sikusikia wanaita. Nilipoingia uwanjani kwenu niliwaamkia kwa Kigogo kwa heshima yote, mbukwenyi, nikasimama mbele ya wazee na kusema jambo ambalo sijawahi kulisema kwa kinywa changu: "Mimi ni kiziwi. Mnalotaka kuniambia, liandikeni." Mzee Gasto akatoa daftari. Nilimwona mume wako alivyo hodari wa kusema, mikono inakwenda, wazee wanatikisa vichwa. Nikamsukumia daftari. Nikasema, "Mkwe, andika hapa kwa nini mke wako hana simu. Andika mita yangu iko wapi. Weka sahihi." Alishika kalamu muda mrefu. Aliandika mstari, akaukata. Akaandika mwingine, akaukata. Mwisho akairudisha kalamu mezani.

Kisha Mzee Gasto akaandika mwenyewe: "Tumekubali Theodora aende Nduguti akamtunze bibi yake." Tukatia sahihi. Ninayo karatasi.

Asubuhi gari lilisimama. Ulikuja barabarani ukiwa na mtoto mgongoni, bila mfuko. Mume wako nyuma yako. Ulisema mambo mengi, niliona mdomo unavyokwenda, sikupata hata neno. Nilikushika mkono, ukautoa. Kondakta alikuwa anagonga mlango. Ukarudi nyuma, gari likaondoka.

Nilikuaibisha kwa uziwi wangu? Au unampenda? Niambie tu. Nitaelewa.

Urbano


Kintinku,
10 Agosti 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, tena shikamoo. Nisamehe kwa siku zote ulizokaa na maumivu hayo. Sikuwa na kalamu barabarani, na hata ningekuwa nayo, Edward alikuwa anasoma juu ya bega langu. Hujaniaibisha. Tangu niolewe, hiyo ilikuwa siku ya kwanza nilipomwona mume wangu amekosa la kusema.

Nitakueleza ulichokisaini, maana uliona nusu.

Mzee Gasto aliandika kama alivyoandika, ukasoma, ukashika kalamu, ukawa unatia sahihi ukiwa umeinama. Wakati umeinama, Edward alisema, "Aende. Mtoto abaki, ni wa ukoo huu." Mzee Gasto akasema, "Hilo liko wazi, halina haja ya kuandikwa." Wazee wakaitikia. Mimi nikasema, "Mwandikieni mjomba!" Wakaniambia wanawake wanyamaze, kikao kimefungwa. Ukainua uso ukaona watu wanatikisa vichwa, nawe ukatikisa chako. Ukaja kumshika kila mmoja mkono na kumshukuru. Ulimshukuru Edward, mjomba. Nilikuwa nakuangalia, nikashindwa hata kulia.

Barabarani nilikuwa nakwambia hilo tu: wanambakiza Winfrida. Nililirudia mara nne. Nilitoa mkono wangu kwa sababu ungenivuta kidogo tu ningepanda, na Edward alikuwa ameshika kitambaa cha mbeleko nyuma yangu.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Sasa nilikuwa na ruhusa. Ndivyo Edward alivyokuwa akiniambia kila asubuhi kwa upole wake: "Si uende? Nani amekuzuia?"

Tarehe 24 Julai mwalimu Rukaiya alikuja mchana kweupe, hakujificha. Alimwamkia mama mkwe, akaniambia mbele yake kwamba sheria inamweka mtoto chini ya miaka saba na mama yake, isipokuwa kuwe na sababu nzito, na kwamba afisa ustawi wa jamii atakuja ofisi ya kata siku ya Ijumaa. Mama mkwe alikuwa anapepeta. Ijumaa asubuhi nilimkuta amevaa viatu. Akasema, "Twende, niko na wewe, kwa hiyo hujaenda peke yako."

Edward aliitwa, akaja na Mzee Gasto. Alianza kusema, na alisema vizuri. Afisa, mama mmoja mtu mzima, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza mama mkwe kama ataweza kumlea mtoto. Mama mkwe akasimama.

Akasema, "Huyu Edward alipokuwa na miaka miwili, baba yake alinirudisha kwetu, akabaki naye. Nilikaa miezi tisa. Ukoo uliponirudisha, mtoto alinikimbia. Alijificha nyuma ya mke wa shemeji yangu, akauliza mimi ni nani." Akamgeukia Edward. "Hukumbuki. Mimi nakumbuka. Huyo wa kwako simlei, na mtu asiseme nimekubali."

Mzee Gasto alikuwa anatazama kofia yake. Nilimwonea huruma mume wangu wakati ule, mjomba, sikufichi. Alionekana kama mtu aliyesomewa barua ya zamani inayomhusu.

Afisa ameandika kwamba mimi na mtoto tukae Nduguti miezi mitatu, kisha turudi mbele yake. Edward ametia sahihi. Sijui miezi mitatu ikiisha itakuwaje. Anasema atakuja kutuchukua mwenyewe, na amesema hivyo bila upole, kwa sauti ya kawaida. Mama mkwe nimemwachia redio na betri mpya. Nilimwomba aje nasi hata wiki mbili, akasema mpunga uko ghalani na Edward hajui kupika. Hilo linanikaa moyoni.

Fungua meza. Waambie watu ulivyo, kama ulivyowaambia wazee wa huku. Wewe utapima, na mimi nitakaa hapo nisikilize, nikuandikie kama inakoroma au ina mafua.

Barua hii inatangulia na mwalimu. Sisi tutapanda Alhamisi tarehe 22, tutafika Ijumaa mchana kama gari halitaharibika. Mwambie Bibi asichinje kuku, anisubiri nimshike mimi. Nawe siku hiyo usikae chumbani. Weka kiti chako kikitazama mlango, maana sitabisha hodi.

Ni mimi,
Theodora